Rejista ya sendika: mama sekretere hakufuta kitu, ni sisi

Ilikuwa siku ya posho, saa mbili ya asubui. Mama sekretere wa biro yetu ya Kolwezi aliwasha ordinatere, akafungua programu ya sendika ili aandike kotizasio za mwezi. Programu ikamuuliza kama anataka kuanza rejista mupya. Rejista mupya ya nini? Siku mbili mbele, mule mulikuwa majina ya memba wa kariere mbili, michango yao ya miaka mine, na zaidi ya yote karatasi za aksida: tarehe, saa, mahali, nani aliumia, nani aliona. Akafunga, akafungua tena. Memba: 0. Akatupigia simu Lubumbashi. "Papa delege, bintu yote imeenda. Mi sikugusa hata kitu."

Hatukumusadiki. Tunaandika neno hilo wazi, maana habari hii yote inaandikwa juu yake.

Musomaji ajue kwanza juma lile lilikuwa namna gani. Mwenzetu mumoja alipondwa mukono kwenye mutambo wa kupeleka mawe, na zilibaki siku kumi tufike mbele ya inspekta wa kazi. Upande wa kampuni ulisema kwamba alijipeleka mwenyewe mahali pasipo pake. Sisi tulikuwa na majina ya watu watatu walioona kwamba kamba ya kusimamisha mutambo ilikuwa imekatika tangu zamani. Majina hayo yalikuwa ndani ya rejista. Basi rejista inapotea juma hilo hilo? Mukutanoni, siku ya yenga, mumoja wetu alisimama akasema kile ambacho wengi walikuwa wanafikiri: "Ule mama balimununua." Hakuna aliyemukatalia kwa nguvu. Tukamwomba mama abaki nyumbani mpaka tutakapoelewa. Alibaki majuma matatu.

Sasa tumeelewa. Kilichofuta rejista ni kitendo kimoja kidogo ndani ya paketi ya kuwekea programu, na kitendo hicho tulikiomba sisi wenyewe, mukutanoni, kwa kuinua mikono.

Programu yetu iliandikwa na kijana mumoja, mutoto wa mwenzetu aliye pansione. Alisoma informatike hapa Lubumbashi na anatumia Visual Studio. Hatuna franga za kulipa kampuni ya watu wa ordinatere, na intaneti nzuri haiko kila mahali, basi programu inatembea kwa kle USB, kutoka biro mpaka biro, ndani ya mufuko wa delege. Versio mupya ilifika Kolwezi siku ya kazi ine mangaribi. Delege aliyekuwa anapita aliiweka yeye mwenyewe, akaona imeandikwa kwamba kazi imemalizika vizuri, akafunga mulango, akaenda. Kazi tano biro haikufunguliwa, kwa sababu sisi wote tulikuwa kwenye matanga. Siku ya posho mama akafika, na mengine mumekwisha kuyasoma.

Wengi wetu tulifikiri kuweka programu ni kukopi fisie tu, sawa vile mutu anahamisha viti kutoka nyumba hii mpaka ile. Haiko vile. Fisie ile yenye mwisho wa .msi inafunguliwa na kitu kinaitwa Windows Installer, ambacho Microsoft ilikileta pamoja na Office 2000. Ukiangalia ndani ya paketi unakuta meza, kama kaye kubwa iliyopigwa mistari: meza ya fisie, meza ya mambo ya kuandika ndani ya Windows, na meza ya mufuatano inayosema nini kinafanyika mbele na nini nyuma. Kila kitendo kina namba. Kwa kawaida InstallInitialize iko 1500, kuondoa fisie 3500, kuweka fisie 4000, InstallFinalize 6600. Vitendo hivyo ni vya Windows yenyewe, inavijua, na inajua kuvirudisha nyuma kama kitu kinakwama.

Lakini kuna mambo ambayo Windows haiyajui. Kutengeneza rejista tupu siku ya kwanza, kwa mufano. Kukopi rejista ya zamani. Kufuta rejista. Mambo hayo mwenye kutengeneza paketi anayaandika yeye mwenyewe na kuyaingiza katikati ya zile namba. Ni hayo tunayoita vitendo vya pekee. Windows haiangalii ndani yake. Inaviita wakati wake ukifika, inangojea jibu, na kama ni programu ndogo ikajibu 0, inaendelea na safari. Ukiiagiza ivunje ukuta wa nyumba yako itavunja, halafu itakuandikia kwamba kazi imemalizika vizuri.

Sisi watu wa mine tungepaswa kuelewa mbele ya wote. Kwetu, kuchora mupango wa baruti na kuwasha baruti ni mambo mawili, na hayafanywi saa moja. Unachora, unahesabu mashimo, unatoa watu, unapiga king'ora, ndipo unawasha. Windows Installer nayo inapita mara mbili. Mara ya kwanza inasoma meza na kuandika mupango. Mara ya pili inafanya. Kitendo cha pekee kinaweza kuwekwa kifanyike palepale, wakati mupango bado unaandikwa, ao kiahirishwe mpaka wakati wa kazi yenyewe. Kile kinachogusa fisie ni lazima kiahirishwe, na mahali pake ni kati ya InstallInitialize na InstallFinalize. Yeyote anayeandika kitendo cha kufuta ao cha kukopi kama cha palepale, huyo anawasha baruti watu wakiwa bado wanachora.

Turudi kwenye ile siku ya kuinua mikono. Mbele ya mambo haya, delege wetu wa mahali pengine alishindwa uchaguzi, na biro ikachukuliwa pamoja na ordinatere ndani yake. Majina ya memba yalibaki mule, hata ya wale walioingia sendika kwa siri, mafundi wa mukataba mufupi ambao mukataba wao unaweza kukosa kuandikwa tena bila mutu kusema sababu. Hatukulala usingizi juma zima. Ndipo komite ikamwambia kijana: weka kitu ndani, ili programu ikiondolewa, rejista nayo ifutwe kabisa. Lilikuwa wazo zuri, na hata leo hatulionei haya.

Kijana alifanya kazi hiyo kwa robo saa. Ndani ya Visual Studio, ukurasa wa vitendo vya pekee una dosie ine: ya kuweka, ya kuthibitisha, ya kurudisha nyuma, na ya kuondoa. Akatia programu yake ndogo ya kufuta ndani ya dosie ya ine. Chini yake kuna mustari wa kuandika sharti, ni kusema kitendo kifanyike wakati gani na kisifanyike wakati gani. Mustari huo aliuacha wazi. Kwake kuondoa ni kuondoa, na hata kwetu ilikuwa vile. Nani angefikiri kwamba kuna kuondoa kwa namna mbili?

Kuko. Versio mupya inapoingia namna ile alivyoipanga kijana, haikai juu ya ile ya zamani. Inaitafuta, na kupitia kitendo cha Windows kinachoitwa RemoveExistingProducts inaiambia itoke. Ile ya zamani inapokea neno lilelile ambalo ingepokea kama mutu angetaka kuiondoa kabisa: REMOVE="ALL". Ondoa yote. Inatii. Inaangalia ndani ya dosie ya kuondoa, inakuta amri yetu: futa rejista. Inafuta. Kisha ya mupya inaingia ndani ya nyumba safi na kuuliza kwa adabu kama tunataka kuanza rejista mupya.

Windows yenyewe inaacha alama ya kutofautisha. Wakati programu inaondolewa ili kupisha versio mupya, alama moja inajazwa, jina lake UPGRADINGPRODUCTCODE. Wakati inaondolewa kwa kweli, alama hiyo iko tupu. Kwa hiyo mustari ule uliobaki wazi ulipaswa kuwa na maneno haya mawili tu:

NOT UPGRADINGPRODUCTCODE

Wale wanaotengeneza paketi kwa kuandika na mukono, kwa mufano na WiX, ambayo ilitolewa bure mwaka wa 2004, wanaandika sharti zima: REMOVE="ALL" AND NOT UPGRADINGPRODUCTCODE. Maana yake: fanya hivi kama tunaondoka kabisa, lakini si kama tunapisha mwenzetu. Miaka mine ya rejista ilipotea kwa maneno mawili, na mama wa watu alikaa nyumbani majuma matatu.

Tulijuaje? Kwanza kijana alikuja Kolwezi na basi, akafungua kaye ambayo Windows inaandika yenyewe, ile ya matukio, upande wa Application, kwenye jina MsiInstaller. Pale palikuwa mistari miwili ya kazi ine mangaribi: namba 11724, programu imeondolewa vizuri, na namba 11707, programu imewekwa vizuri. Saa zake zilikuwa baada ya mama kurudi nyumbani. Kaye ya sentinele kwenye mulango inaonyesha saa aliyotoka, na sahihi yake iko pale. Siku ya posho, wakati yeye aliwasha ordinatere, MsiInstaller haikuandika kitu.

Kisha akarudi Lubumbashi, akaweka versio ya zamani kwenye ordinatere nyingine, akatia majina ya uongo ndani ya rejista, akaweka ya mupya juu yake kwa amri hii:

msiexec /i sendika.msi /l*v C:\ripoti.txt

Ile /l*v inaifanya Windows Installer iandike kila hatua ndani ya fisie ya ripoti. Ni ndefu sana, kurasa na kurasa, na inachosha macho. Lakini ndani yake tuliona jina la kitendo chetu, saa yake, na jibu lake: vizuri. Majina ya uongo yalikuwa yamefutika. Kijana alikaa kimya, kisha akasema: "Papa, ni mi. Ni ile aksio mulinilomba." Tulimujibu kwamba sisi ndio tulioinua mikono.

Hapa kuna mutego ambao tunaomba kila mutu anayetengeneza paketi ausome mara mbili. Kijana alisahihisha sharti ndani ya versio mupya, tukafurahi, tukataka kuituma Likasi siku ileile. Yeye ndiye aliyetuzuia. Anayefuta si versio mupya, ni ya zamani, na ya zamani iko tayari ndani ya ordinatere za Likasi na sharti lake tupu. Siku programu inawekwa, Windows inachunga kopi ya paketi yake ndani ya C:\Windows\Installer, na siku ya kuondoa inasoma kopi hiyo. Unaweza kusahihisha ya mupya mpaka jua litue, ile kopi haitasikia kitu.

Njia ni mbili. Moja ni ya mukono: mbele ya kuweka versio mupya, kopi dosie nzima ya rejista kwenye kle USB, toa kle, itie mufukoni. Ndivyo walivyofanya Likasi, na rejista yao iko nzima. Nyingine ni kusahihisha kwanza ile ya zamani palepale ilipo. Unatengeneza paketi yenye ProductCode ileile na jina lilelile la fisie, lakini sharti limesahihishwa, na unaiweka kwa amri yenye REINSTALL=ALL REINSTALLMODE=vomus. Ile herufi v ndiyo inayoiambia Windows ibadilishe kopi iliyochunga. Baadaye tu ndipo unaleta versio mupya. Tulifanya hivyo kwa biro moja iliyo mbali, ambako hatukuwa na mutu wa kumwamini na kle. Ilikubali, lakini tunaipendelea njia ya mukono. Mutu yeyote anaweza kuielewa.

Juu ya mamlaka tuseme kidogo. Kitendo kilichoahirishwa kinaweza kufanya kazi kwa jina la mutu aliyekaa mbele ya ordinatere, ao kwa jina la Windows yenyewe. Kwa jina la mutu, kitashindwa kuandika mahali palipofungwa. Kwa jina la Windows kitaweza karibu yote, lakini ile dosie ya Documents ya mama sekretere hakitaiona kama yake. Ndiyo sababu rejista inapaswa kukaa ndani ya C:\ProgramData. Kisha, kitendo kilichoahirishwa hakiwezi kuuliza maswali njiani, sawa na mutu aliyekwisha kushuka chini ya udongo bila simu. Kila kitu inachohitaji, kwa mufano njia ya dosie, ni lazima ukitie mbele ndani ya bahasha moja inayoitwa CustomActionData. Wanaopenda namba: programu ndogo iliyowekwa pamoja na fisie zingine ni 18, kuahirisha ni 1024, jina la Windows ni 2048. Ukijumlisha, unaandika 3090 ndani ya meza. Na kama programu hiyo ndogo inapaswa kufanya kazi wakati wa kuondoa, iwekwe mbele ya ile 3500, la sivyo fisie yake mwenyewe itakuwa imekwisha kuondolewa.

Kurudisha nyuma ni jambo lingine tulilolisahau. Kwetu, ambako umeme unaenda bila kuaga, kazi inaweza kubaki katikati. Siku ya kuanza tena, Windows Installer inaona kazi iliyolala njiani na inaomba kwanza irudishwe nyuma. Vitendo vyake inavirudisha. Chako haikijui, isipokuwa umekiandikia mwenzake wa kurudisha, na huyo mwenzake anawekwa mbele yake katika mufuatano, si nyuma. Kijana hakuwa ameandika yeyote. Leo versio mupya ikiingia, kuna kitendo kimoja tu cha pekee kilichobaki: kinakopi rejista ndani ya dosie yenye tarehe, na mwenzake anaondoa kopi hiyo kama mambo yamekwama.

Na kufuta je? Hapa tuligawanyika. Kijana alisema sharti linatosha, na nusu ya komite ikamufuata. Sisi wengine tulisema kwamba kufuta majina ya watu ni uamuzi wa watu, hakupaswi kukaa ndani ya paketi hata kama sharti limeandikwa vizuri, kwa sababu kesho atakuja fundi mwingine atakayeacha mustari mwingine wazi. Tulipiga kura, tukashinda kwa sauti mbili. Sasa kufuta ni kifungo ndani ya programu, na kinaomba neno la siri la watu wawili. Hao walioshindwa waliuliza swali lenye haki: na kama biro inachukuliwa usiku, nani atabonyeza? Hakuna. Kwa hiyo fisie ya rejista imefungwa kwa neno la siri, na hatuchungi tena ndani ya ordinatere majina ya walioingia kwa siri. Wanaandikwa mahali pengine, ambapo hatutapataja hapa.

Imebaki habari ya mwenzetu aliyepondwa mukono. Katika juma la pili la kufukuzwa kwake, maana kulikuwa ni kufukuzwa hata kama tulitumia maneno ya upole, mama sekretere alimutuma binti yake biro na kaye ya kurasa mia moja, ya watoto wa shule, yenye jalada la buluu. Bila barua, bila salamu. Ndani yake, kwa kalamu, alikuwa ameandika kila aksida mbele ya kuitia katika ordinatere, kwa sababu, alituambia baadaye, yeye alikuwa hajapata kuiamini ile masini. Kati ya majina matatu ya walioona tulikuta mawili. Watu hao wawili walikwenda mbele ya inspekta na kusema walichoona. Mambo bado yanaendelea.

Tulikwenda kwake wanne, na tulikaa sana mbele ya mumoja wetu kupata la kusema. Ni yule aliyesimama mukutanoni ndiye aliyeanza: "Mama, tulikukosea." Mama alisikiliza mpaka mwisho, hata ile ya UPGRADINGPRODUCTCODE. Kisha akasema atarudi, lakini na yeye yuko na masharti yake. Kwanza, kwamba hakuna versio itakayowekwa tena bila yeye kuwa pale na kutia sahihi. Pili, kwamba habari hii iandikwe katika gazeti, si kwenye ubao wa biro tu, kwa kuwa maneno ya mukutano ule yalifika hata sokoni.

Kazi moja iliyopita alifungua biro na ufunguo wake. Tulikuwa tumemutayarishia chai. Alisema chai itangoja, akakaa, akafungua fisie ya ripoti ya versio ya mwisho, akaanza kuisoma mustari kwa mustari.